Harufu ya Chupa Iliyoharibika

Mafua ya majira yale ya baridi yaliniacha bila pua. Homa ilishuka, kikohozi kikaisha, lakini kusikia harufu hakukurudi. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, aliniambia nivumilie, wengine huchelewa. Mimi nilikuwa na duka la mvinyo katika mtaa wa Columbia Heights, na wateja wangu walijua siweki rafuni chupa ambayo sijaionja. Nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia hata yeye.

Siku ya kuchagua mivinyo ya Ufaransa ikafika. Wakala wa waagizaji alikuwa mama wa Kikongo aliyewahi kuishi Lyon, huko huko Ufaransa. Alipanga chupa zake kwenye kaunta, na kabla hajazibua ya kwanza nikamwambia ukweli.

"Mama, pua yangu imekufa. Sisikii harufu yoyote."

Akaweka kizibuo chini. "Sasa utachagua namna gani, papa?" akauliza, akiniita "baba" kwa namna ya Kikongo.

"Kwa ulimi. Na kwa maneno yako."

Akamimina mvinyo mweupe wa Loire. Yeye alisema unanukia tufaha bichi. Mimi nilipata uchachu tu, kama maji ya ndimu. Akamimina wa Alsace, akasema huo ni waridi tupu. Niliingiza pua ndani ya glasi nikaambulia ubaridi wa kioo. Nilionja, nikatema kwenye ndoo kama waonjaji tufanyavyo, nikiwaza ni kazi gani nyingine ningeweza, kwa umri wangu.

Kisha akamimina mwekundu wa Beaujolais. Niliuinua kwa mazoea tu, na kitu kikanipiga puani: katoni iliyolowa, iliyosahauliwa kwenye chumba cha chini.

"Mama, huu umeharibika?"

Akaunusa. Uso ukamshuka. "Pardon, papa, samahani. Ni kizibo kimeuharibu. Ngoja niumwage."

"Usimwage," nikasema, nikaifunika glasi kwa kiganja.

Nikanusa tena, na tena. Ulikuwa unanuka vibaya sana. Nikakaa juu ya kreti. Yule mama alinishangaa, halafu akaelewa, akaanza kucheka huku akijifuta machozi kwa kitambaa cha kufutia glasi.

Niliurudia ule wa Alsace. Waridi lilikuwepo, kwa mbali, kama mtu anayeongea nyuma ya mlango. Nikauagiza papo hapo. Beaujolais tulizibua chupa nyingine, ikawa nzima, nayo nikaichukua. Wa Loire nilimwomba aulete siku nyingine, kwa sababu tufaha lake bado sikulipata, na hata kahawa ya asubuhi iliendelea kuwa maji ya moto tu puani mwangu kwa majuma kadhaa.

Alipoondoka nilimpigia mke wangu kazini.

"Nimesikia harufu," nikamwambia.

"Ya nini?"

"Ya mvinyo ulioharibika."

Nikasikia akishusha pumzi ndefu. "Asante Mungu," akasema. Kumbe naye alikuwa na hofu.