Nyanya za Wageni wa Tembo

Tembo walikuwa wamekanyaga shamba la Mama Nyanya mara mbili, kwa hiyo askari wa wanyamapori aliposema tembo ni mali ya nchi, alimuuliza, "Nchi ipi, mwanangu? Yangu wameshaila."

Mpishi wa hoteli ya watalii alipotaka kununua nyanya zake kila wiki, Mama Nyanya alihisi kuna jambo. Alilifuata tenga lake hadi jikoni, akasimama mlangoni mpaka alipomwona mgeni akizila.

"Huyu kafuata nini huku?" alimuuliza mpishi.

"Tembo, mama. Bila tembo, mimi na wewe tusingejuana."

Alikubali kuuza. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka: wiki hiyohiyo alizungushia shamba lake pilipili, ambazo tembo hawazipendi.