Fundi Miba na nusu ya samaki wake

Saa nne na nusu asubuhi, pazia la chumba cha nyuma limeshushwa ili mwanga usipige kwenye kioo cha simu. Mwanamke wa makamo ameketi kwenye kiti cha plastiki, simu ameishika kwa mikono miwili. Mumewe yuko upande wa pili wa meza. Amefumba macho, na viganja vyake vimetulia juu ya bamba la jiwe lenye ukubwa wa trei ya chai.

"Pezi la mgongo linaanzia wapi?" anauliza.

"Katikati."

"Katikati ya nini, mama? Linaanza mbele ya pezi la tumbo au nyuma yake?"

"Nyuma kidogo. Na usinifokee, mimi sikusomea miba."

"Sijafoka. Mkia je?"

"Una ncha mbili. Zimelingana."

Mwanamume anatikisa kichwa taratibu, huku kidole gumba kikipita juu ya mkia wa samaki aliye ndani ya jiwe lake mwenyewe. Samaki wa kwenye simu anauzwa kwa mnada wa mtandaoni, na mnada unafungwa saa tano. Samaki huyo amelala ndani ya jiwe tangu enzi anazozijua Mungu peke yake. Kwa watu hawa wawili, hata hivyo, nusu saa iliyobaki ni ndefu.

Mtaani anaitwa Fundi Miba. Hununua visukuku vya samaki, yaani samaki wa kale waliogeuka mawe, akavisafisha, akavitambua ni vya jamii gani, kisha akaviuza kwa shule na kwa watu wenye kupenda kukusanya vitu vya kale. Mwezi mzuri huuza vipande vinne au vitano. Mwezi mbaya huuza maneno tu, kama asemavyo mwenyewe.

"Jirani yangu huyu anauza samaki ambao hata paka hawageuzi shingo," anasema mshonaji wa chumba cha mbele, bila kuinua macho kwenye cherehani yake.

Zamani Fundi Miba alikuwa fundi wa kutandaza mawe ya sakafu. Siku moja, akiwa kazini kwenye veranda ya ofisi, patasi yake ilipasua bamba vibaya, na ndani akakuta samaki mdogo, mbavu zake nyembamba kama nyuzi.

"Msimamizi akaniambia nilitupe, lina kasoro," anakumbuka. "Nikamwambia, bosi, kasoro hii ina macho. Nikalifunga kwenye shati, nikaja nalo nyumbani."

Magoti yalipokataa kupigwa tena, yale mawe yaliyokuwa mchezo wa jioni yakawa ndiyo kazi. Chumba cha nyuma kikapewa meza iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani, tundu la kitasa bado lipo. Juu yake pana miswaki iliyochakaa, sindano za kushonea magunia, pamba, na taa inayowekwa ubavuni mwa jiwe ili kila mfupa utupe kivuli.

Mnadani huwatafuta samaki walioandikiwa "samaki, jina halijulikani". Mwenye jina ana bei yake, na bei hiyo si ya mtu wa chumba cha nyuma. Huanza na taya, akaja kwenye mapezi, akamalizia na mkia, akilinganisha na picha za vitabu vilivyolegea gundi. Akishindwa kumtambua, huandika kwenye kibandiko neno moja: sijui.

"Ukimpa samaki jina la uongo, umemzika mara ya pili," anasema.

Lakini mnadani pana wajanja. Wapo wanaounga kichwa cha huyu na mkia wa yule kwa gundi na unga wa jiwe. Wapo wanaochora mbavu kwa brashi. Fundi Miba ameshaumwa na nyoka huyo mara mbili, na ndiyo maana akajifunza kupima kila samaki mpya kwa pamba yenye dawa ya kufutia rangi ya kucha. Rangi hutoka. Mfupa hautoki.

Hapo ndipo kosa lilipompata.

Jiwe lililo chini ya viganja vyake alilinunua mwaka juzi. Samaki alikuwa mzima, ila tumboni palikuwa na doa jeusi kubwa, laini, lililojaa vizuri mno. Fundi Miba akasema moyoni, huyu kachorwa. Akachovya pamba, akasugua. Weusi ukatoka. Akasugua tena.

"Rangi hutoka inang'aa, inanata," anaeleza. "Ile ilitoka kavu kama masizi ya sufuria. Mtu mwenye macho yake angeacha pale pale. Mimi macho yalikuwa yameshaanza kuniacha, nami sikutaka kuambiwa. Nilipoleta taa karibu, tumbo lilikuwa jeupe."

Hakuwa amefuta rangi. Alikuwa amefuta tumbo lenyewe: ngozi na matumbo ambayo kwa kawaida huoza na kupotea, lakini kwa samaki yule yalibaki kama utando mwembamba wa masizi.

Jioni ile hakula. Mkewe alidhani ana homa.

Ana ugonjwa wa presha ya macho. Anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. "Daktari alisema kilichokwenda kimekwenda, tulinde kilichobaki," anasema mkewe. Kinachobaki hulindwa kwa chupa ndogo ya matone inayonunuliwa kila mwezi, iwe wameuza au hawajauza.

Lakini jiwe likipasuka, samaki hugawanyika. Sehemu hubaki upande huu, sehemu upande ule, kama vipande viwili vya mkate vilivyopakwa siagi ukivibandua. Mahali fulani duniani palikuwa na nusu ya pili, na tumbo lake bado jeusi. Fundi Miba alitaka kitu kimoja: kuziweka nusu hizo pamoja mezani na kuziona, kabla bomba halijaziba.

Basi kila asubuhi, akishamaliza sala na kuosha vyombo, mkewe alikaa na simu akapitia minada. Wiki iliyopita alimwona samaki wa mnada huu, akampita.

"Nilisema si yeye," anaeleza mama huyo. "Wetu anatazama kulia, yule anatazama kushoto. Nikamtajia huku nacheka, kumbe mwenzangu hacheki."

"Nikamuuliza, ukisimama mbele ya kioo, mkono wako wa kulia unakuwa upande gani?" anadakia mumewe. "Nusu mbili za samaki hazitazami upande mmoja. Zinatazamana."

Mshipa mweupe wa jiwe unaoukata mkia wa samaki wao ulikuwa pale pale hata kwa yule wa mnadani. Na tumboni, ndani ya ule weusi, mkewe aliona uti wa mgongo mdogo mno, umejikunja. Samaki mkubwa alikuwa amekufa mara tu baada ya kummeza mdogo.

"Kumbe alikuwa ameshiba," anasema mama. "Tena mume wangu akaja kumpokonya tonge tumboni, baada ya miaka yote hiyo. Uchoyo huo nao."

Fundi Miba anacheka mpaka anajifuta macho. Kisha anauliza imebaki dakika ngapi.

Zimebaki chache. Dau lao bado linaongoza. Jana walikubaliana mwisho wao ni wapi, na mkewe aliweka sharti moja: pesa ya dawa haiguswi.

Mtu mwingine anaongeza. Mama anaongeza. Mwingine wa tatu anaingia, na ile bei inaruka kama maji ya moto yaliyomwagika. Sasa imeupita mwisho wao.

"Imetupita," anasema.

"Kwa kiasi gani?"

Anamtajia. Siyo kubwa. Ni kama chupa ya mwezi huu, pengine na ya mwezi ujao.

Mama anasema polepole, "Mimi naweza kubonyeza. Sema tu. Dawa Mungu atajua."

Mikono ya Fundi Miba haiondoki kwenye jiwe. "Nimnunue kwa macho," anasema, "halafu nimtazame kwa kitu gani? Weka chini, mama."

Mama anaigeuza simu kifudifudi. Saa tano inapita. Cherehani ya mbele inakwenda, inasimama, inakwenda.

Mwishowe mwanamume anauliza kama kuna nafasi ya kumwandikia muuzaji. Ipo. Anaomba mkewe aandike kama anavyomtamkia: muuzaji ampelekee ujumbe mnunuzi, amwambie nusu ya pili iko huku, na kwamba ataipata bila malipo.

"Unampa?" mama anauliza.

"Simpi. Huyu anamfuata mwenzake. Kama yule hawezi kuja kwetu, basi wetu aende." Anapitisha kiganja juu ya jiwe. "Na andika kwamba tumbo nililifuta mimi, kwa mkono wangu. Ajue kabla hajafungua, asije akamlaumu samaki."

Anachoomba ni picha moja tu: nusu zote mbili zikiwa zimewekwa pamoja, taa ikiwa ubavuni. Iwe kubwa, kwa ajili ya mtu anayeona kidogo.

Hadi mchana jibu halijaja. Huenda lisije, watu wa minada hawapendi barua za wasiowajua. Hata hivyo Fundi Miba ameshalifunga jiwe kwenye shuka kuukuu, akalilaza ndani ya sanduku la mbao na kujaza pamba pembeni. Kifuniko hajakipigilia misumari. Anasema jibu likija ndipo atakapokipiga.

"Na picha ikichelewa kufika," anasema, akipapasa tundu la kitasa mezani, "mwenzangu atanieleza."

"Nitakueleza," mkewe anajibu. "Kuanzia taya mpaka mkia. Ila usinifokee."