Filamu ya Khocha na Mkono wa Anti

Mimi nilifika darasa la nane, tukasameheana na shule. Lakini niulize mambo ya filamu. Hapa Matisi niko na kibanda cha video, na kazi yangu ni kushika maiki na kuwaelezea watu kwa Kiswahili. Mchina akiruka juu ya nyumba, nasema ameruka kwa nini na mama yake alimwonya nini asubuhi. Kama sijui, naongeza. Hakuna mtu amewahi kulalamika.

Kwa hivyo khocha wangu alipotengenezewa filamu, nilijiona mtu wa idara. Khocha ni ndugu ya mama yangu, anakaa Sirisia, na anachora. Si yale ya kuandika "Hoteli" kwa ukuta. Anachora picha kubwa za watu wa siku hizi: bodaboda amelala juu ya pikipiki, mama amebeba televisheni kichwani. Picha zake zilifika ng'ambo kabla yeye mwenyewe afike Eldoret. Hii ilikuwa filamu ya pili. Ile ya kwanza ilipigwa ikaenda na wenyewe, hata khocha hajawahi kuiona.

Hii ya pili wakaileta Bungoma mjini, kwa ukumbi, saa nane mchana. Khocha akawekwa mbele na suti yake. Mke wake, anti, akawekwa nyuma karibu na mlango, na mimi kando yake nikimnong'onezea, kwa sababu filamu yote ilikuwa Kiingereza.

Sauti ya filamu ikasema khocha hakufundishwa wala kusaidiwa na mtu, ati alizaliwa na hicho kipaji. Halafu wakaonyesha ile mistari ya udongo iko chini ya kila picha, imejipinda pinda, wakasema huo ni Mlima Elgon vile msanii anaukumbuka toka utoto.

Anti akaangalia mkono wake.

Sikia bana. Kwetu, kupaka nyumba udongo ni kazi ya wanawake, na mwenye kujua anapitisha vidole kabla ukuta haujakauka, anaacha maua. Anti anajua. Yeye ndiye anachimba udongo mtoni, anauchuja na pazia kuukuu, anachanganya na majivu, anaupaka juu ya ubao wa picha kwa kiganja, anapitisha vidole. Ukikauka ndio khocha anakuja na brashi. Sasa, kidole kidogo cha anti kilichukuliwa na mashine ya kusaga mahindi akiwa msichana. Mtu mwingine akipitisha vidole anaacha mistari minne. Anti anaacha mitatu. Hesabu picha yoyote ya khocha: mitatu, mitatu. Huo ni mlima gani ulikatwa kidole?

Na kwa filamu nzima alionekana mara moja tu, akileta chai. Kamera ikafuata kikombe.

Nilimuuliza kama tutoke. Akasema, "Wewe si ni mtu wa maiki?"

Ilipoisha, mwenye filamu, kijana wa miwani kutoka Nairobi, akauliza kama kuna swali. Nikaomba airudishe mwanzo kidogo, niwatafsirie wazee wametoka Sirisia. Akaona ni heshima, akanipa maiki. Nikasema ile mistari ni ya mama amekaa pale nyuma, nikamwambia anti ainue mkono. Watu wakageuka. Ningeachia hapo ingekuwa sawa. Lakini walicheka, na mimi nikisikia kicheko siwezi kushika breki. Nikaongeza ati khocha hulala mpaka mchana, ati kazi yake ni kuweka sahihi tu. Wakazima maiki. Nikaendelea, sauti yangu haitumii stima. Khocha alikuwa anaangalia viatu vyake.

Huko nje kijana wa miwani akaniambia nimeharibu, filamu ni ya maisha ya mtu mmoja.

"Basi tafuta mtu mmoja," nikamwambia. "Hapa umekuta wawili."

Nilingoja anti anisifu. Akanijia moto. "Hawa wamenitoa mimi, na wewe umemtoa yeye. Nani alikuambia analala? Mimi nimejaribu kuchora uso ikashindikana. Yeye anaweza. Mwombe msamaha."

Nikaomba, mbele ya watu wote. Khocha akaniambia nimerithi mdomo wa mama yangu, halafu akamgeukia yule kijana. Akamwambia kwa upole kabisa kwamba picha zake hazitaonyeshwa mahali pengine popote mpaka huyu mama awe ndani.

Kijana alisema filamu imeshaisha.

"Basi iishie Bungoma," khocha akasema.

Walikuja Sirisia kesho yake, wamekasirika, lakini wamebeba kamera. Anti alikuwa tayari na ndoo ya udongo, hajabadilisha leso. Mimi nikaitwa kutafsiri. Anti akaniambia nikiongeza neno moja langu, huo udongo ni wa uso wangu, akaonyesha ndoo.

Akapaka ubao, khocha akiwa ameushikilia usitikisike. Kijana wa miwani akauliza hiyo mistari ina maana gani. Nikatafsiri vile ilivyo.

"Ni mkono wangu," anti akasema.

Akaulizwa tena, pengine kuna maana nyingine ndani yake. Hata sikumaliza kutafsiri. Alikuwa amechota udongo mwingine, anaangalia uso wa kijana.