Jani Lenye Manyoya

Dawa ile ililetwa ndani ya kikombe cha plastiki cha kijani, na kabla sijaambiwa ni nini nilikwisha kuichukia. Rangi yake ilikuwa ya maji ya dimbwi walimooga bata. Juu kulikuwa na povu, na ndani ya povu vilielea vinyuzi vidogo vya kahawia ambavyo sikutaka kuvitazama mara mbili. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alisimama mbele yangu sebuleni kwangu Kicukiro, vidole vikimdondoka maji ya kijani, maana dawa yenyewe alikuwa ameikamua kwa viganja vyake.

"Kunywa yote, mwana wangu," akasema, akijipangusa kwenye kitenge chake. "Iko dawa ya Wachina. Inafukuza kikohozi."

Nikanywa. Ladha yake ilikuwa ya majani mabichi na mikono ya mtu.

Sikuwa mjinga, nilikuwa na shida. Binti wa marehemu kaka yangu alikuwa anachumbiwa, na siku ya kuja kuomba mchumba, ambayo sisi tunaiita gusaba, kila ukoo huweka msemaji wake. Wasemaji hao wawili hukaa wakitazamana mbele ya watu wote, wakakataliana, wakataniana, wakakumbushana mababu na ng'ombe, mpaka mwishowe binti atolewe. Msemaji akikwama, ukoo mzima umeaibika. Katika ndugu za baba wa binti nilibaki mimi peke yangu, na kazi ile niliiona ni yangu bila hata kuulizwa. Tatizo ni kwamba nilizaliwa na kukulia Karagwe, Tanzania, nikarudi Rwanda nikiwa mtu mzima, na Kinyarwanda changu watu hukisikiliza huku wakitabasamu. Hakuna anayeniambia kitu. Wanatabasamu tu, na tabasamu hilo linanichefua kuliko tusi. Kwa hiyo nilijifunza maneno ya gusaba mbele ya kioo, bafuni na ndani ya gari, nikiapa kwamba safari hii watanitambua kuwa mtu wa hapa.

Ndipo kikohozi kikanivamia. Zahanati walinipa dawa ya maji na kuniambia nitulie, kitaisha chenyewe. Nitulie vipi, na gusaba iko mlangoni?

Shangazi hupika kwenye kambi ya Wachina wanaojenga barabara upande wa Gatsata. Huko alimwona mpishi wao akimchemshia mfanyakazi majani fulani, na yule mtu akaacha kukohoa. Jani lile alilitambua mara moja, kwa sababu mti wake uko kwenye ua wangu: mlokwati, ule wenye matunda madogo ya manjano na mbegu kubwa zinazoteleza. Lakini alichokiona ni jani na sufuria tu. Yaliyobaki aliyajaza mwenyewe, kwa namna ambayo kila mwanamke wa Rwanda anaijua. Hapa mtu akikohoa huchumiwa umuravumba, kichaka kinachoota kwenye nyua za watu. Majani yake husagwa yakiwa mabichi, hukamuliwa kwa mkono, na maji yake hunywewa papo hapo. Shangazi akalitendea jani la Wachina vivyo hivyo. Alilitwanga kwa kitako cha chupa, akalikamua, akaninywesha.

Kila siku alikuja kutoka Gatsata kunisimamia nimeze. Koo likaanza kuwasha, kuwasha kwa ndani ambako kidole hakifiki. Nilikohoa mpaka machozi yakatoka. Yeye aliniomba beseni nililotemea, akaliinamia na kuyachunguza makohozi yangu kwa utulivu, kama mtu anayechagua maharage.

"Inatoka," akasema, ameridhika. "Dawa ikiuma, ndiyo inafanya kazi."

Akaongeza kipimo. Nilichukia kucha zake zilizogeuka kijani, nilichukia ile harufu iliyobaki kwenye vikombe vyangu vyote, na nilijichukia mimi, mtu mzima mwenye ofisi na tai, niliyekuwa nikifumba macho na kumeza.

Asubuhi moja niliokota jani lililoanguka jikoni, nikaligeuza. Juu lilikuwa linang'aa. Chini lilikuwa na manyoya, manene, ya rangi ya tumbo la panya. Nilipolisugua kwa kidole gumba yakabanduka, yakaninata kidoleni. Hicho ndicho nilichokuwa nikinywa. Nilitapika kwenye sinki, nikasuuza mdomo, nikakumbuka tena, nikatapika tena.

Nilimwonyesha Shangazi. Akaenda kumuuliza mpishi wa kambini, akarudi na jibu bila haya yoyote: Mchina husugua kila jani kwa brashi mpaka liwe laini, ndipo hulichemsha na kulichuja kwa kitambaa.

"Kumbe ile manyoya wanatoaga," akasema. "Sasa mimi ningejuaje? Umuravumba nayo iko na manyoya, na hatujakufa."

Nilifungua mdomo kumfokea, ikatoka pumzi tu; sauti ilikuwa imekwisha kabisa.

Siku ya gusaba ilinikuta hivyo hivyo. Asubuhi nilimpigia shemeji, mama wa binti, nikamnong'oneza kwamba sitaweza. Akasema nisijali, mtu atapatikana. Ukumbini Remera nilimkuta mtu huyo amekwisha kukaa kwenye kiti changu, mzee nadhifu aliyevaa mshanana mweupe, vazi letu la sherehe linalofungwa begani, na kushika fimbo. Akaanza kusema. Alikijua kilima cha babu yangu. Aliwajua mababu zetu mmoja baada ya mwingine, na utani wake uliteleza kama mafuta. Upande wa wakwe walicheka, wetu wakacheka, makofi yakapigwa. Mimi nilikaa mstari wa mbele na kitambaa kilicholowa makohozi, nikisikiliza Kinyarwanda ambacho sitakisema maisha yangu yote, na kila mara alipopata neno zuri nilikohoa ndani ya kitambaa hicho.

Baada ya chakula binti akanijia, akanikumbatia, akaniinamia sikioni.

"Baba mdogo, usisikie mubaya," akasema. "Huyu mzee tulikuwa tumeshaongea naye zamani, mbele ya hii kikohozi yako. Tulikuwa tunatafuta tu namna ya kukuambia."

Nilimtazama. Alikuwa anatabasamu, tabasamu lile lile, na hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Nikamuuliza kwa mnong'ono kama Shangazi alijua.

"Hapana. Hatukumwambia. Angekataa, yule. Alikuwa anasema utaongea wewe, ao yeye hakuji."

Wakati huo yule mzee msemaji aliinuka tena, kushukuru kwa ajili ya ng'ombe wa mahari, na ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Nilimtafuta Shangazi kwa macho. Alikuwa meza ya mwisho, sahani yake haijaguswa, amemkazia mzee wa watu macho ya chuki, na mikono ameikunja kifuani.