Mvua Iliyoelekea Kitale

Jumapili iliyopita kanisa letu la Bungoma liliniomba niwafunze vijana, kwa simu ya video, namna ya kufaulu shahada ya pili ya sheria ng'ambo. Mama ndiye aliyenipendekeza. Tangu niende Uingereza, yeye huniita Wakili hata akiniuliza kama nimekula.

Shida ni kwamba nilikuwa Kitale, mji usio mbali na Bungoma. Nilifeli, chuo kikanifukuza, nikarudi kimyakimya na kukodi chumba huko mtaani Kipsongo.

Basi nikavaa koti zito na skafu, nikapanga vitabu nyuma yangu kama msomi wa maana. Nikawaambia, "Ukilemewa usinyamaze. Mwone mwalimu wako mapema." Mimi, ambaye sikuwahi kubisha mlango wa mwalimu hata mmoja. Vijana wakawa wanaandika. Jasho likanitiririka chini ya skafu huku nikilalamikia baridi.

Ghafla mvua ikaanza kupiga mabati. Nikapaza sauti, lakini nani ameshawahi kushindana na mvua ya mabati?

Kijana mmoja akauliza, "Ati kumbe hata Uingereza wanaezeka mabati?"

Kanisa zima likacheka. Nikajibu, kwa ujasiri wa mahakamani, kwamba hosteli nyingi za huku ni za mabati.

Mama hakuwa amecheka. Alichukua kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akaniita kwa jina langu.

"Wekesa, hiyo mvua imetoka hapa kwetu saa hii. Tumeiona ikielekea Kitale."