Tairi za all-season kwenye gari la sport, na ndoa yangu iliyoishia kwenye mteremko wa Streatham

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko nyumbani na sisi tulioko huku kwenye baridi.

Juzi kuna jamaa humu, yuko Uingereza, aliuliza kama tairi za all-season performance zinafaa kwenye gari la sport wakati wa winter. Mkamjibu kwa kejeli kama kawaida yenu. Mmoja akasema tairi ni tairi, mradi ni duara.

Nilitaka kumjibu mistari miwili. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwisho nimeona nifungue uzi wangu, maana jibu langu ni refu na lina harusi ndani yake. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea, sina sababu ya kudanganya watu nisiowajua.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Shule niliiacha form two, nikaenda Mombasa, kutoka Mombasa nikazamia meli. Nikaonja Piraeus, nikaonja Rotterdam, nikaingia London mwishoni mwa miaka ya tisini. Nimeosha vyombo, nimepanga maboksi sokoni Lewisham, nimepaka rangi, nimehudumia wazee care home. Hakuna kazi iliyonikalisha.

Ila nina ugonjwa mmoja. Kitu kikipita mikononi mwangu lazima nijue kimetengenezwaje. Naweza kukaa library siku nzima nasoma habari za friji.

Basi katika hizo kazi, moja ilikuwa kwenye duka la tairi Ilford. Mwenyewe Singasinga, kazaliwa Kisumu, Kiswahili chake cha matusi kilikuwa kinanishinda mimi mswahili wa pwani. Pale ndipo nilipoanza kuzisoma tairi.

Kwa wasiojua: London ya wakati ule karibu kila mtu alikuwa anatembelea summer tyres mwaka mzima. Raba ya tairi hizo baridi ikizidi inakuwa ngumu, unateleza kama umevaa kandambili kwenye vigae vilivyomwagika maji. Winter tyres raba yake ni laini, na ina mikato midogo midogo inayoishika theluji. All-season performance ziko katikati. Ni pana kwa ajili ya magari yenye mbio, lakini raba yake inavumilia baridi kiasi. Zaidi ni vitu vya Wamarekani. Kuna mteja aliziagiza seti nzima, hakurudi kuzichukua.

Saizi yake ilikuwa sawasawa na ya gari langu.

Gari lenyewe lilikuwa coupé ya Kijapani, milango miwili, injini inazungusha magurudumu ya nyuma. Nililinunua limechoka nikalifufua mwenyewe. Nikalifunga zile tairi. Washkaji wakanicheka, wakasema nimemvalisha mwanariadha buti za mvua. Sikujali. Nilikuwa nimesoma.

Sasa tuje kwa Nasra.

Alikuja dukani na pancha. Wazazi wake Wapemba, yeye kakulia Ilford, anafanya kazi mapokezi kwa daktari wa meno. Akiongea na mimi ni Kiingereza mtindo mmoja, Kiswahili anakisikia vizuri ila anakitoa kwa msimu. Tukapendana. Hapo sina maneno mengi.

Baba yake alishafariki. Aliyebaki kama baba ni ami yake, nitamwita Ami Suleiman, anakaa Tooting, alikuwa karani wa council mpaka akastaafu. Kwa wasio Waislamu: bibi harusi lazima awe na wali, yaani msimamizi wa kumuozesha. Baba akiwa hayupo, na babu hayupo, na kaka hana, ni ami. Bila ami, hakuna ndoa.

Na ami alikuwa hanitaki.

Alikuwa ananiita baharia. Hakuwahi kunitaja jina hata mara moja. Nikienda kumsalimia anauliza, "Baharia, leo uko bandari gani?" Watu wanacheka, na mimi nacheka. Aliuliza ukoo wangu, akauliza cheti changu, akauliza nitaacha lini kubadilisha kazi. Posa yangu aliikalia muda mrefu sana. Mpaka sheikh wa msikitini kwao Nasra, Ilford, akamfuata, akazungumza naye faragha, ndipo akasema haya, nitaozesha.

Tukapanga Jumamosi, mwezi wa pili, nyumbani kwa mama yake Nasra, Ilford. Sheikh alitwambia mapema kwamba baada ya adhuhuri ana ndoa nyingine mbali, kwa hiyo tusichelewe.

Asubuhi ile nikafungua pazia, Lewisham yote nyeupe.

Mliokaa London mnaijua. Theluji kidogo tu mji unalala chali. Mabasi hayapo, treni hazipo, watu wamesimama nje ya magari yao wanayatazama.

Simu ikalia. Mama Nasra. "Mwanangu, ami kapiga. Anasema hawezi kutoka, gari lake limekwama na mabasi hayatembei. Anasema Mungu hajapenda, tuahirishe."

Kabla sijajibu Nasra akamnyang'anya simu. Siku ile aliongea Kiswahili kitupu, na hilo peke yake lilinitisha.

"Akiahirisha leo hatakubali tena. Mimi namjua. Huyu alikuwa anaomba theluji."

Nikamwambia namfuata mimi.

Wakuu, naomba mniruhusu nijisifu hapa, maana ndiyo sehemu pekee tamu. Kutoka Lewisham mpaka Tooting lile gari lilikwenda. Barabara kuu zilikuwa zimemwagwa chumvi, theluji imegeuka uji, na zile tairi zilikuwa zinauma. Nimepita gari la Kijerumani la gharama, jipya, linazungusha magurudumu palepale lilipo kama feni, mwenyewe kashika kichwa. Nilikuwa naendesha polepole huku natabasamu peke yangu. Kila nilichosoma kilikuwa kweli.

Nilipogonga mlango Tooting, Ami Suleiman alifungua mwenyewe. Kavaa kikoi na sweta, kikombe cha chai mkononi. Siku ya kuozesha mtoto wa ndugu yake, saa zile, hajaoga.

Akanitazama, akatazama gari nyuma yangu, akanitazama tena.

"Umefikaje wewe?"

"Kwa gari, Ami."

Akarudi ndani. Alivaa taratibu sana, nikasikia anatafuta kofia, anatafuta miwani, anatafuta kofia nyingine. Mimi niko kwenye korido natazama saa. Mkwe mtarajiwa hamhimizi mzee wa watu.

Hatimaye akatoka, kanzu nyeupe na koti zito juu yake. Kuingia kwenye gari lile la chini ilibidi nimshike mkono. Akakaa magoti yanakaribia kidevu.

Tukaondoka. Akageuka kutazama kiti cha nyuma, kile kisichotosha hata begi.

"Na mtoto akizaliwa atakaa wapi? Kwenye buti?"

"Tutanunua jingine, Ami."

"Kwako kila kitu ni tuta. Tutanunua, tutahama, tutasoma. Nasra naye utampeleka bandari gani?"

Nikasema inshallah kheri.

Tulipokaribia Streatham tukakuta foleni. Basi limekwama mbele, lakini polisi walikuwa wanapitisha magari kando, moja moja. Foleni inasogea. Tungefika. Muda ulikuwa umebana lakini ulikuwepo.

Ami akanyoosha kidole. "Pinda hapo. Kuna njia ya mkato, tunatokea mbele yao."

Nikatazama ule mtaa. Nyumba pande zote mbili, magari yamepaki, theluji imekanyagwa mpaka inang'aa. Chumvi hakuna. Na ulikuwa unashuka.

"Ami, huku ndani hawajamwaga chumvi. Tubaki hapahapa, inasogea."

"Mimi nimekaa huku wewe hujazaliwa. Pinda."

Sasa wakuu, najua mtaniambia dereva ni wewe. Naomba mjiweke kwenye kiti changu. Mtu huyu nimembembeleza miaka. Ndani ya saa moja anakwenda kunipa binti. Hili ndilo jambo la kwanza aliloniomba tangu nimjue, na hata hakuomba, aliamrisha kama baba anavyoamrisha mtoto wake. Kuna sehemu yangu ilifurahi. Nikakataa, naanza ukwe wangu kwa ubishi, na ukaidi wa baharia utasimuliwa mpaka Chake Chake.

Nilijua tairi zangu. Nilijua zinaweza kuondoka kwenye theluji laini, na nilijua kwamba kusimama kwenye barafu ni habari nyingine kabisa. Tairi pana barafuni linakaa juu, halichimbi. Nilijua hayo yote.

Nikapinda.

Nilishuka kwa gia ya kwanza, mguu mbali na breki. Katikati ya mteremko gari likaanza kupata mwendo lenyewe. Nikagusa breki, kidogo tu. Pedali ikanigonga unyayoni, tak tak tak, breki zinashika na kuachia, na gari halikusikia chochote. Nyuma ikaanza kuja pembeni. Nikageuza usukani, magurudumu yakageuka, gari likaendelea kwenda lilikokuwa linakwenda.

Ilikuwa taratibu. Hilo ndilo linaloniuma. Ilikuwa taratibu kiasi kwamba tulipata muda wa kuitazama van nyeupe iliyopaki, na kusoma namba ya simu ya fundi bomba iliyoandikwa ubavuni mwake, kabla hatujaigonga.

Taa yangu moja ikavunjika, mlango wa van ukabonyea. Ami hakuumia popote. Kofia haikumdondoka.

Akafungua mlango, akatoka, akanyoosha kanzu yake, akatoa simu mfukoni, akapiga Ilford.

"Tumepata ajali. Mimi Mungu kaninusuru. Mtu huyu hawezi kubeba roho ya mtu, leo siozeshi."

Kule upande wa pili sheikh alichukua simu. Sauti yake ilikuwa inasikika mpaka nilipo. Alimwambia, Suleiman, usipate taabu ya kuja, sema tu kwamba umeniwakilisha mimi, nitafungisha ndoa kwa niaba yako, na bwana harusi nitamsubiri hata akichelewa.

Maneno mawili tu yalihitajika. Nimekuwakilisha sheikh, basi, kwisha.

"Siwakilishi," alisema, akakata.

Halafu akashuka ule mteremko kwa miguu, anashika kuta za bustani za watu, nyumba baada ya nyumba, mpaka akapotea kwenye kona. Miaka baadaye mzee mmoja wa Tooting aliniambia kwamba Suleiman alipokuja London mara ya kwanza alipanga chumba katika mtaa ule ule, na baridi zake za mwanzo zote alizimalizia pale.

Sina ushahidi wa kitu chochote. Nasema tu nilichoambiwa.

Nilimsubiri mwenye van, nikampa details zangu, nikaenda Ilford na taa moja. Sheikh alikuwa ameshaondoka. Wageni wachache waliofika walikuwa wanakula pilau, sinia katikati, kama watu waliotoka makaburini. Hakuna aliyenitazama usoni.

Nasra akanikuta jikoni. Hina mpaka kwenye viwiko.

"Kwa nini ulipita njia ile?"

"Ami ndiye aliyeniambia nipinde. Nilimkatalia, akaniamuru."

"Nimemuuliza. Anasema wewe ndiye uliyejidai unajua njia. Anasema alikwambia ubaki barabara kubwa."

Nikamwambia anadanganya. Nikamwambia kila kitu, foleni, chumvi, kidole alichonyoosha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sidhani kama aliona nasema uongo.

"Baba yangu nilishamzika," akasema. "Nikikuamini wewe, na ami pia sina."

Akatoka jikoni. Hakukuwa na ugomvi wala kuvunja uchumba. Simu zake zikawa fupi, halafu zikawa za Kiingereza, halafu zikaisha. Mwaka haukupita nikasikia kaolewa na mtu wa Muscat, kaozeshwa na Ami Suleiman, na harusi ilikuwa mwezi wa saba.

Mimi nikauza gari, nikahama Lewisham, nikaendelea na maisha yangu ya kuhama.

Kwa huyo ndugu aliyeuliza: ndiyo, all-season performance zinafaa kwa baridi ya London ya kawaida, ile ya mvua na lami yenye baridi asubuhi. Kwenye barabara kuu iliyomwagwa chumvi hutajuta. Lakini gari la sport lina nguvu nyingi na tairi zake ni pana, barafu ikishika mtaa wa ndani usiingie nalo, hasa kama unashuka. Ukiwa na safari usiyoweza kuikosa, tafuta winter tyres za kweli. Na aliyekaa pembeni yako, awe nani, mwambie hapana.

Wakuu, karibuni mchangie. Mlioendesha kwenye theluji semeni yenu, na wenye kunitukana kwa kupinda mtukane, nimeshazoea.

Ila nina swali moja kwa wenye elimu ya dini, na hili naliuliza kwa dhati. Hivi karibuni nimesoma kwamba wali akikataa kuozesha bila sababu ya kisheria, kadhi anaweza kumpita na kuozesha mwenyewe. Ni kweli? Kama ni kweli, ina maana siku ile Nasra angeweza kwenda mbele na mimi hata kwa taa moja.

Mie nilikuwa nasoma habari za raba.