Kiapo na Ulimi wa Baba

Baba yangu, Kiogora, alikuwa mpasua mbao kwenye vilima vya juu ya Nkubu. Yeye alisimama juu ya gogo, mwenzake Muthamia alikaa chini shimoni, wakavuta ule msumeno mrefu kutwa nzima. Sikuwahi kumsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumtuliza mteja. Mama alimwambia mara nyingi kwamba ukweli wake utatulaza njaa.

Muthamia alifariki mwaka wa 1985. Kaka yake, Bundi, alisubiri matanga yaishe, akajipangusa machozi, kisha akasema kipande chote cha kahawa kilichoko upande wa mto ni chake. Wanja, mjane wa Muthamia, hakuwa na shahidi ila baba. Baba alijua kwamba mpaka wa ndugu hao wawili ulikuwa mti wa muringa, kwa sababu Muthamia alikataa kabisa waupasue. Bundi akadai baba ale kiapo, na wazee wakakubali.

Kiapo cha kwetu hakihitaji hakimu. Mtu akishaapa, wazee huacha msimu wa mvua upite. Aliyeapa uongo atapatwa na jambo, asipopatwa yeye watapatwa watoto wake, na anayelima shamba lililopatikana kwa uongo naye hasalimiki. Baba akaapa bila kigugumizi. Kama mvua ingepita naye yu mzima, kahawa ingebaki kwa Wanja.

Mvua ilikuwa haijakolea alipoweka kikombe cha chai chini asubuhi moja akasema inamchoma. Mama akamcheka, akasema kosa ni la tangawizi. Baba akachukua kioo chake cha kunyolea ndevu, akatoa ulimi. Tukasogea kuangalia. Ulimi ulikuwa na mabaka mekundu, laini, kila moja limezungukwa na ukingo mweupe uliopindapinda.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilijiona mjanja asiyetishwa na viapo. Siku hiyo ujanja uliniisha. Mtu ameapa kwa ulimi, na ugonjwa umekwenda palepale. Siku chache baadaye baka la kushoto lilikuwa limepona kabisa, na jingine limetokea kwenye ncha. Kidonda kinachokaa mahali pamoja ni kidonda tu, lakini kinachohama kina mwenyewe. Nililala na mawazo hayo na kuamka nayo.

Baba akaanza kuongea huku mdomo umefumbwa nusu. Kanisani aliimba kwa pua. Lakini Bundi ana macho. Alikuja kutusalimia, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akauliza, "Baba Kiende, mbona siku hizi unaongea kama mtu amebeba maji mdomoni?" Kufikia siku ya soko kijiji kizima kilikuwa na habari. Wanja akaacha kutusalimia kwenye ua.

Nikamlazimisha baba twende hospitali. Alituhudumia daktari mmoja kijana aitwaye Mutegi, akammulika baba mdomoni kwa tochi na wala hakushtuka.

"Mzee, hii si kansa," alisema. "Hata kuambukiza haiambukizi. Inaitwa ulimi wa ramani."

"Inaletwa na nini?" baba akauliza.

"Hiyo hatujui vizuri. Wengine wenye wako nayo, ngozi yao inatoka magamba. Wengine wako na pumu, ama mwili wa kuwashwa. Wasiwasi pia inaweza kuiamsha. Wacha pilipili, wacha chai ya moto sana. Lakini mara mingi inatembea kwa familia." Akanigeukia. "Hebu na wewe fungua."

Nikafungua. Akamulika, akacheka. "Si unaona, mzee? Huyu pia ako nayo."

Sikuwa nimewahi kuumwa ulimi maisha yangu yote, wala kuuangalia. Baba aliutazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze. "Kumbe mimi ndiye nimekupa," akasema. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Hatukupitia nyumbani. Tulimkuta Wanja akipalilia kahawa, wanawe wawili wakicheza karibu.

"Mama Kirimi, nimetoka hospitali," baba akasema. "Si kiapo. Ni kitu cha ukoo. Kiende, mwonyeshe."

Nikatoa ulimi kwa majivuno, kama mwanafunzi aliyepata jibu peke yake. Wanja aliuangalia. Jembe likamtoka mkononi. Akamshika Kirimi mkono, akamvuta nyuma ya sketi yake.

"Daktari amesema inaletwa na nini?"

"Amesema hawajui vizuri."

"Basi mimi najua," Wanja akasema. "Kiapo kimetoka kwako, kimeingia kwa mtoto wako. Baba Kiende, mimi nina hawa wawili tu."

Nilijaribu kumweleza habari za damu na urithi, nikatumia kila neno nililofundishwa shuleni, na kila neno lilizidi kumtisha. Nilikasirika. Mpaka leo nina hasira na siku ile, ila sijui nimkasirikie nani, kwa maana mama mwenye watoto hapimi hatari kwa vibaba. Jua halijazama alikuwa ameshafika kwa Bundi kumwambia achukue kahawa yote.

Habari hiyo ilitufikia tukiwa nyumbani. Baba akaniita mlangoni penye mwanga.

"Fungua mdomo."

Akanishika kidevu kwa mkono wake mgumu wa msumeno, akautazama ulimi wangu kwa muda mrefu. Hakucheka kama kule hospitali.

"Kiende," akasema kwa sauti ya chini, "labda ule muringa haukuwa mpaka."